Kwa nini "look forward to hearing" na si "to hear"? Jibu kwa karani wa Nkuhungu

Swali limetoka kwa kijana wa Nkuhungu, hapa Dodoma, ambaye ni karani katika ofisi moja ya mjini. Anaandika: "Shikamoo mwalimu. Barua yangu ya Kiingereza imerudi kutoka kwa bosi ikiwa na wino mwekundu sehemu tano. Niliandika 'I am writing for to request', akafuta 'for'. Niliandika 'I am having all the attachments', akaweka 'I have'. 'We suggest to postpone the meeting' akaigeuza 'postponing'. 'The printer needs to repair' ameizungushia duara tu, hakuandika kitu. Na mwishoni kabisa, 'I look forward to hear from you', akaweka 'hearing'. Hili la mwisho limeninyima usingizi. Shuleni tuliambiwa baada ya 'to' kitenzi hakiongezwi kitu, na 'ing' ni ya kitendo kinachoendelea. Mimi sijapata jibu lolote, sasa kinachoendelea hapo ni nini? Nitajuaje pa kuweka 'to' na pa kuweka 'ing'?"

Marahaba, mwanangu. Nimefundisha Kiingereza katika sekondari za mkoa huu kwa miaka mingi, na swali lako nimelikuta kwenye madaftari ya watoto wa Kongwa, wa Mpwapwa, wa Bahi na wa hapa mjini. Wanaoliuliza kwa mdomo ni wachache. Wengi hunakili sahihisho, na wiki inayofuata hurudia kosa lile lile, kwa kuwa hakuna aliyewaonyesha lilikotoka. Wewe umetaka kujua lilikotoka, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Zile kanuni zako mbili za shuleni zina ukweli, ila kila moja ulipewa kipande. Nianze na ya "ing". Katika "I am writing" tendo linaendelea kweli, lakini habari ya kuendelea haikuletwa na "ing" peke yake. Imeletwa na "am" ikishikana na "ing". Ondoa "am", "is", "are", "was", "were", "be" au "been", na habari hiyo nayo inaondoka. Chukua "I enjoy writing". Anayesema hivyo anaweza kuwa yuko soko la Majengo anachagua nyanya, hana kalamu wala karatasi. "Writing" hapo ni jina la shughuli, na ushahidi ni kwamba unaweza kulitoa ukaweka jina lingine mahali pake, "I enjoy music", sentensi isitikisike. Kwa hiyo ukikutana na "ing", tazama kwanza kilicho nyuma yake. Kama hakuna mmoja wa wale akina "am" na "was", usihangaike kutafuta kinachoendelea.

Maumbo haya hayakuwa kitu kimoja tangu zamani. Katika Kiingereza cha zaidi ya miaka 1,000 iliyopita kulikuwa na kiambishi "-ung" au "-ing" cha kuundia majina kutokana na vitenzi, na kingine, "-ende", cha kumwonyesha mtu akiwa katikati ya tendo. Karne zilivyopita, viwili hivyo vilisogeleana hadi vyote vikaandikwa "-ing". Leo umbo moja linafanya kazi mbili, na mwanafunzi aliyeonyeshwa kazi moja hushtuka akikutana na ya pili.

"To" nayo ina asili yake, na hii ndiyo ninayopenda zaidi kuifundisha. Katika Kiingereza kile cha kale, kitenzijina kilibeba alama yake mwishoni: "writan" ilikuwa kuandika. "To" haikuwamo. Yenyewe ilikuwa kihusishi cha mwelekeo, kama ilivyo hadi leo katika "to Singida" au "to the market". Walipotaka kusema kwamba mtu anaelekea kufanya jambo, walitanguliza "to" na kubadili mwisho wa neno: "to writenne". Miisho ikalika polepole hadi ikapotea, "to" ikabaki, na hadi leo mara nyingi bado ni mshale unaoelekea mbele, kwenye jambo ambalo halijafanyika. "I want to write", "I hope to write", "I plan to write", "I promised to write", "I refused to write": simama mahali pa yule anayetaka, anayetumaini, aliyeahidi au aliyekataa, utaona kwamba kuandika kuko mbele yake.

Mfano ninaoutumia darasani ni wa mji wetu wenyewe. Mwaka 1973 TANU iliamua kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma. Kwa Kiingereza, "In 1973 TANU decided to move the capital to Dodoma". Uamuzi ulikuwa 1973, kuhama kulikuwa mbele, na wakazi wa hapa tunajua hiyo mbele ilikuwa na urefu gani: msukumo mkubwa wa wizara kuhamia ulikuja mwaka 2016. "Decided to move" ilikuwa kweli siku ile ile ya 1973. "Finished moving" isingeweza kusemwa siku hiyo, kwa sababu "finish" haigusi jambo ambalo halijawahi kuanza. Ndivyo lilivyo kundi lake: "finish", "enjoy", "stop", "give up", "keep", "admit", "deny", "miss". Huwezi kumaliza, kufurahia, kuacha wala kukiri tendo ambalo halipo. Tendo lipo tayari, nawe unalishika kama kitu, na kitu ni jina, na jina la tendo ni "ing".

Sasa kwa nini jambo hili linatutesa sisi kuliko mengine? Si kwa uzito wa kichwa. Ni kwa sababu Kiswahili kina mlango mmoja mahali ambapo Kiingereza kina miwili. Nataka kuandika, napenda kuandika, nimemaliza kuandika, nimeacha kuandika, nimekubali kuandika: zote "ku". Tena "ku" yetu ni kitenzi na jina kwa pamoja, hadi ina ngeli yake: kuandika kwako kumeimarika, kulima kwao kunalipa. Mtoto anayezungumza Kiswahili hajawahi kulazimika kujiuliza kama tendo liko mbele au lipo mkononi. Anapofika kidato cha kwanza na masomo yakageuka Kiingereza, anapeleka "ku" yake moja kwenye milango miwili na kuchagua kwa kubahatisha. Mara nyingi huchagua "to", kwa kuwa ndiyo aliyofundishwa kwanza kwamba ni "ku".

Hata hivyo, mahali penye hatari zaidi, pale ambapo "to" na "ing" zote zinakubalika lakini zinasema mambo tofauti, Kiswahili chenyewe kinakupa kipimo. Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo barua ya ofisi inapoweza kumwingiza mtu matatani.

Soma hizi mbili: "I remembered to sign the form" na "I remember signing the form". Ya kwanza ni nilikumbuka kusaini, yaani sikusahau wajibu ule, nikasaini. Ya pili ni nakumbuka nilisaini, kumbukumbu ya jambo lililopita iko kichwani mwangu. Umeona Kiswahili kilichofanya? Kwenye ya pili "ku" imekaa pembeni na kitenzi kikachukua "nili". Hicho ndicho kipimo. Ukiweza kusema "nakumbuka ni-li", andika "ing". Ukilazimika kubaki na "ku", andika "to". Sasa fikiria mtu ameulizwa kama alilipa ada naye akaandika "I remember to pay". Anadhani ametoa ushahidi kwamba alilipa. Aliyesoma ameelewa kwamba huyu ana kawaida ya kukumbuka kulipa, na swali la ile siku halijajibiwa.

"Forget" hufuata njia hiyo hiyo. Nimesahau kufunga ofisi: "I forgot to lock the office". Lakini sitasahau nilivyoiona michoro ya kwenye miamba kule Kolo, Kondoa, ile iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006: "I will never forget seeing the rock paintings at Kolo". Kuona kulishatokea.

"Stop" ni rahisi zaidi kwetu kuliko kwa wanafunzi wa lugha nyingine nyingi, kwa sababu tunatumia vitenzi viwili tofauti. Basi lilisimama kuchukua abiria ni "The bus stopped to pick up passengers". Basi liliacha kuchukua abiria ni "The bus stopped picking up passengers". Kusimama ili ufanye jambo ni "to". Kuacha jambo ulilokuwa ukilifanya ni "ing". Hapa usiwaze Kiingereza kabisa, sikiliza kama moyoni mwako umesema simama au acha.

Na kuna "regret", neno ambalo wewe karani utakutana nalo kila wiki. Barua za kukataa maombi huanza "We regret to inform you", tunasikitika kukujulisha. Habari mbaya bado haijasemwa, iko mbele, inafuata kwenye mstari huo huo. "I regret telling him" ni kitu kingine: najuta kumwambia, maneno yalishatoka. Kusikitika na "to", kujuta na "ing". Ukizichanganya kwenye barua rasmi utakuwa umeandika kwamba ofisi inajutia kosa ambalo haikulifanya.

"Try" peke yake ndiyo haina msaada wa moja kwa moja, kwa kuwa sisi tuna "jaribu" tu. Nilijaribu kufungua dirisha likagoma: "I tried to open the window", nguvu ilitumika, matokeo hayakupatikana. Chumba kina joto, hebu jaribu kufungua dirisha: "Try opening the window", kufungua si kazi, unaangalia tu kama kutasaidia. Ukiweza kuongeza "uone kama itasaidia" mwishoni, weka "ing".

Turudi sasa kwenye kanuni yako ya pili, kwamba baada ya "to" kitenzi hakiongezwi kitu. Hiki ndicho kiini cha usingizi wako. Kwenye Kiingereza cha leo kuna "to" mbili zinazoandikwa sawa. Moja imeungana na kitenzijina, kama "ku" yetu. Nyingine ni kihusishi kamili, ile ile ya "to Singida", na kihusishi hudai jina mbele yake. Usikariri orodha ya zipi ni zipi kabla hujajifunza kuzipima. Toa kitenzi, weka jina la kawaida. "I look forward to your reply": inasimama, tena watu huiandika hivyo kila siku. "I look forward to Friday": inasimama. Basi hiyo "to" ni kihusishi, na kama ni lazima uweke tendo, lazima tendo livae vazi la jina: "I look forward to hearing from you". Jaribu hivyo hivyo kwa "want": "I want to your reply". Imevunjika. Basi hiyo "to" ni ya kitenzijina, na kitenzi kinabaki kitupu.

Utakuwa umegundua kwamba "look forward" inatazama mbele kabisa, tena hata maneno yake yanasema hivyo, na bado inachukua "ing". Kwa hiyo mshale ule niliokuonyesha una mipaka. Kihusishi kikiwepo, kihusishi ndicho kinachoamua, hata tendo likiwa la mwaka ujao.

Kipimo hicho hicho kinamaliza ugomvi wa "used to". "I am used to the wind", nimezoea upepo, na huu wa Dodoma wa kiangazi unaobeba vumbi ni lazima uuzoee. Jina limekaa vizuri, basi: "I am used to fetching water at night", nimezoea kuchota maji usiku. Lakini "I used to the wind" haisimami, basi: "I used to fetch water at night", zamani nilikuwa nachota maji usiku, siku hizi sivyo. Mtu akiandika moja akikusudia nyingine, anahamisha maisha yake kutoka leo kwenda zamani bila kujua.

Vihusishi vingine vyote vinakwenda njia hiyo, na hapa naweza kupita haraka: "without asking", "before leaving", "after reading", "thank you for coming", "interested in learning", "tired of waiting", "good at counting". Kati ya kihusishi na tendo, karibu daima ni "ing". Hili ukilishika leo, makosa mengi sana yatakoma.

Kwa hiyo utauliza, mbona bosi alifuta "for" kwenye "for to request" badala ya kuandika "for requesting"? Kwa sababu ulikuwa unaeleza kusudi lako. Naijua njia iliyokufikisha hapo. Kichwani ulikuwa na "kwa ajili ya kuomba", ukatafsiri neno kwa neno. Kiingereza cha zamani kiliwahi kuwa na "for to", lakini barua ya leo haiikubali. Kusudi la mtu linabebwa na "to" peke yake: "I am writing to request", "I came to Dodoma to study". Popote unapoweza kusema "ili", andika "to" na usiiongezee mwenzake.

"For" pamoja na "ing" ina kazi yake tofauti, nayo Kiswahili kinaionyesha waziwazi kwa kile kinyambuo cha kutendea. Kisu cha kukatia nyama: "a knife for cutting meat". Chumba cha kusomea: "a room for reading". Mashine ya kufulia: "a washing machine". Pale unapotaja matumizi ya kifaa au mahali, ukasikia "kukatia, kusomea, kufulia", "ing" iko karibu. Unapotaja nia ya mtu, "nimekuja kusoma", ni "to". Sijui lugha nyingi zinazompa mwanafunzi ishara nzuri kiasi hicho, nasi tunayo mdomoni tangu utoto.

"Suggest" sasa. Kama mshale ungekuwa sheria isiyovunjwa, pendekezo lingekwenda na "to", kwa kuwa unapendekeza jambo ambalo bado. Lakini Kiingereza kinasema "We suggest postponing the meeting", au "We suggest that the meeting be postponed". "Consider" ni hivyo hivyo: "We are considering buying a new printer". Ninavyowaeleza wanafunzi wangu ni kwamba anayependekeza au kutafakari huliweka wazo mbele ya watu kama kitu cha kutazamwa, na bado hajaanza safari ya kulitenda. Maelezo hayo husaidia kukumbuka, ila sitakudanganya kwamba yanatosha kila mahali. "Manage" inachukua "to" ingawa aliyefanikiwa ameshafanikiwa: "I managed to finish". Vitenzi kama hivyo utavijua kwa kuvizoea.

Ila kuna kundi moja karibu na "suggest" ambalo lina mpangilio mzuri na watu wengi hawaoneshwi. "Allow", "permit", "advise", "forbid". Zitazame zikiwa na mtu na zikiwa hazina mtu. "They do not allow smoking here", hawaruhusu kuvuta sigara hapa: mtu hajatajwa, "ing". "They do not allow us to smoke here", hawaturuhusu kuvuta: mtu katajwa, "to". "I advise waiting", "I advise you to wait". Kiswahili kinamtaja mtu kwa kiambishi kidogo ndani ya kitenzi, kile "tu" cha "hawaturuhusu", na ni rahisi kukipita bila kukiona. Kisikilize. Kikiwepo, "to".

Jambo la mtu mwingine linazaa kosa lingine. Tunasema "nataka kwenda" lakini "nataka aende", tunabadili umbo kwa kuwa mwendaji amebadilika. Kiingereza hakibadili. "I want to go", "I want him to go". Bosi anataka tuwasilishe ripoti Ijumaa ni "The boss wants us to submit the report on Friday". Karibu kila mwaka nilisahihisha "wants we submit", na kila mara niliona Kiswahili safi kabisa kilichojificha chini yake. "Make" na "let" zenyewe hazitaki hata hiyo "to": "My boss made me rewrite the letter", "Let me explain". Basi.

Na "like"? Napenda kusoma ni "I like reading" au "I like to read", tofauti ni ndogo, usiipotezee muda. Ningependa kusoma ni "I would like to read" tu. Ukisikia "nge", weka "would", na baada yake "to". "Begin", "start" na "continue" nazo zinakubali vyote viwili, isipokuwa pale kitenzi cha kwanza kikiwa tayari kimevaa "ing". Wingu linapojikusanya, sema "It is starting to rain". "Starting raining" inagonganisha "ing" mbili, na masikio ya Kiingereza hayapendi.

Nilisema "ing" ina kazi ya pili, ile iliyotoka kwenye "-ende" ya kale. Hii utaikuta baada ya kuona na kusikia, na kwetu ni "ki". Nilimwona akivuka reli: "I saw him crossing the line", nilimkuta katikati ya kuvuka, sijui kama alifika. "I saw him cross the line" ni kwamba nilimwona hadi akafika upande wa pili. Siku ukiitwa kueleza ulichokishuhudia, hiyo tofauti ina uzito. Kama ni "akivuka", "crossing".

Wakati mwingine "to" na kuendelea hukaa pamoja bila ugomvi: "He seems to be waiting for someone", anaonekana anamsubiri mtu. Ni kitenzijina chenye "be" ndani yake, na "be" ikishikana na "ing" inaleta ile habari ya kuendelea niliyoitaja mwanzoni. Kwenye ofisi inafaa sana: "The applicant claims to be living in Nkuhungu".

Nikitaja kuishi nakumbuka sahihisho lako la pili, "I am having". Hapa lugha yetu inatubana kwa "na". Ninaandika inaweza kuwa "I write" au "I am writing", nasi tunaelewana kwa muktadha. Matokeo yake mwanafunzi hudhani kila "nina" ni "I am" pamoja na "ing". Vitenzi vya hali, yaani kuwa na kitu, kujua, kutaka, kuamini, kuelewa, havitaki "ing" ya kuendelea: "I have all the attachments", "I know", "I understand". Na angalia hii, kwa kuwa wageni ni wengi hapa mjini na wanaulizana kila siku: ninatoka Dodoma, kwa maana ya nyumbani, ni "I come from Dodoma". "I am coming from Dodoma" anaisema aliyeko kwenye treni, mji ukiwa nyuma yake, anaelekea Morogoro.

Jinsi ya kujizoeza nitakuambia ninavyoamini mimi. Usikariri kurasa za orodha. Hakuna aliyekukaririsha ngeli. Ulisikia "mti mzuri, miti mizuri" mara nyingi hadi "mti kizuri" ikawa inakukera sikioni kabla hata hujajua neno ngeli. Fanya vivyo hivyo na vitenzi hivi. Katika daftari usiandike "suggest" peke yake, andika "suggest going". Usiandike "refuse", andika "refuse to go". Vitenzi vitano kwa wiki vinatosha, kila kimoja na sentensi mbili za maisha yako: daladala, masijala, bei ya zabibu, kodi ya chumba. Kisha uzisome kwa sauti. Na unapopokea barua ya Kiingereza iliyoandikwa vizuri pale ofisini, kabla hujaifaili, pigia mstari kila mahali ambapo kitenzi kimefuatwa na kitenzi. Katika mwezi mmoja utakuwa na mifano mingi kuliko ninayoweza kukupa.

Imebaki ile iliyozungushiwa duara. "The printer needs to repair" inasema printa ndiyo inayotaka kwenda kutengeneza kitu, kama fundi. Kwa Kiswahili usingekosea, ungesema printa inahitaji kutengenezwa, kwa ile "w" ya kutendwa. Kiingereza kina njia mbili hapo. Unaweza kuandika "The printer needs to be repaired", ambayo inafuata Kiswahili chako hatua kwa hatua. Au, kwa ufupi zaidi, "The printer needs repairing": "ing" baada ya "need" inabeba maana ya kutendwa bila kuongezewa kitu. Zote mbili ni sahihi. Kwa barua hiyo ya kwako ningeandika ya kwanza, kwa kuwa ni rasmi kidogo, halafu nikaipeleka kwa bosi kesho asubuhi.